Meza Iliyopinduliwa: Msimulizi wa Filamu kama Mtunzi wa Pili

Katika filamu ya Titanic ya James Cameron, iliyotoka mwaka 1997, kuna kipande cha kifungua kinywa ambacho sikuwahi kukiona mpaka nilipofika chuo kikuu, ingawa filamu yenyewe nilikuwa nimeitazama labda mara sita. Rose, anayeigizwa na Kate Winslet, amekaa mezani na mchumba wake Cal. Usiku uliopita alishuka daraja la tatu kucheza ngoma na Jack, na Cal amekwisha kupelekewa habari na mtumishi wake. Anaanza kwa upole. Kisha anapindua meza, vyombo vinavunjika, anamwinamia Rose na kumwambia kwamba yeye ni mke wake hata kama ndoa bado, kwa hiyo atamheshimu kama mke anavyopaswa kumheshimu mume. Anaondoka. Trudy, msichana wa kazi, anaingia. Rose anamwambia kwamba imetokea ajali ndogo, anaomba radhi, anapiga magoti amsaidie kuokota vigae, na pumzi inamkatika. Basi. Hakuna anayesema lolote la maana baada ya hapo.

Mara zote sita nilizotazama mwanzoni nilitazama nakala ya kusimuliwa, kwetu Buyenzi, kwa shangazi, kwenye televisheni iliyochomekwa klé iliyonunuliwa kwa kijana mmoja anayejaza filamu jirani na magereji. Katika nakala hiyo, meza inapopinduliwa, msimulizi anacheka. Anasema hayo ndiyo malipo ya binti anayetoka usiku kucheza ngoma na makabwela ilhali bwana mkubwa anamsubiri. Na pale Rose anapotetemeka sakafuni, msimulizi anatuhesabia bei ya sahani. Anaitaja kwa dola, anaigeuza kuwa shilingi, anasema vikombe vitakatwa kwenye mahari. Lazima niseme ukweli: inachekesha. Ana kipaji cha kusema haraka bila kumeza maneno, na hesabu yake ya vikombe inakwenda kwa mwendo ule ule wa mikono ya Rose inayookota. Sebule nzima tulikuwa tukicheka. Dada yangu mkubwa, ambaye siku hizo posa yake ilikuwa imekwisha kupokelewa, hakucheka. Aliinuka, akasema anakwenda kuangalia maharage.

Sikuyafikiria maharage hayo kwa miaka kadhaa.

Sina haja ya kuwaeleza wasomaji wa kitabu hiki filamu za kusimuliwa ni nini. Ni nani kati yetu aliyemjua Schwarzenegger kwa Kiingereza chake? Bujumbura imekaa mahali ambapo sauti hizi zinakutana. Kutoka Dar es Salaam tulipata kazi za Lufufu, yaani Derek Mukandala, mmoja wa waanzilishi wa sanaa hii Tanzania, na za waliomfuata. Kutoka Nairobi, DJ Afro. Kutoka Kampala, kina VJ Jingo kwa Kiganda, ambacho wengi hatukielewi lakini tunakitazama hivyo hivyo. Na kutoka Kigali, agasobanuye ya kina Yanga, ambayo Mrundi yeyote anaisikia bila kuuliza. Bibi yangu, aliyezaliwa Rumonge na hajui Kifaransa zaidi ya bonjour, ameona filamu nyingi kuliko mimi. Bila watu hawa asingeona hata moja.

Ndiyo maana napata tabu na namna mbili tunazotumia kuwajadili tunapokuwa darasani. Namna ya kwanza inakuja katika somo la tafsiri. Tunachukua dakika tano za filamu, tunaweka maneno ya asili upande mmoja na ya msimulizi upande mwingine, tunahesabu makosa: hapa ameacha, hapa ameongeza, hapa hakuelewa. Mwishoni msimulizi anapata alama nne juu ya ishirini na sisi tunajiona mabingwa. Namna ya pili inakuja katika fasihi simulizi, na huko anapanda ghafla. Anakuwa fanani, mrithi wa watambaji wa kale, na lolote alisemalo ni ubunifu wa hadhira na mahali pake. Yule wa kwanza hasamehewi kitu. Huyu wa pili hashtakiwi kwa kitu.

Mtafiti Mjerumani Matthias Krings, aliyewachunguza wasimulizi wa Tanzania, aliipa makala yake moja jina linalotokana na mfano wa kugeuza wali kuwa pilau. Ni mfano mzuri, maana unakubali kwamba chakula kimebadilika na hakuna anayemdai mpishi wali wake mweupe. Lakini nyumbani kwetu pilau nalo linahukumiwa. Mtu akiuma jiwe anasema, na mpishi hawezi kujitetea kwamba bizari ilikuwa nyingi.

Hoja yangu ni kwamba msimulizi ni mtunzi wa pili wa filamu, na mtunzi anastahili kusomwa kama mtunzi, yaani kusifiwa alipotunga na kulaumiwa alipotunga vibaya. Kosa lake kwenye meza ya Cal halikuwa la lugha. Sidhani kama kuna msimulizi anayeweza kutoielewa meza inayopinduliwa, ambayo haihitaji kamusi. Alielewa, akachagua upande.

Ushahidi kwamba alielewa uko dakika chache tu baadaye, katika filamu hiyo hiyo, kwa sauti hiyo hiyo. Mama yake Rose anaingia chumbani, anamtoa Trudy, anamgeuza binti yake na kuanza kuzivuta mwenyewe kamba za lile vazi la kubana kiuno. Anavuta huku akimkumbusha kwamba baba amewaachia madeni na jina zuri tu la kuyafunika, na kwamba bila ndoa hii yeye mama ataishia kushona nguo za watu na vitu vyao vitapigwa mnada. Rose anasema si haki. Mama anakubali kwamba si haki, kisha anaendelea kuvuta.

Mtafsiri wa darasani angetuletea maneno hayo yote sawasawa na Buyenzi tungeyasikia kama habari za Wazungu. Nyumba kubwa, madeni ya benki, jina la ukoo: ni mambo yao. Msimulizi alifanya jambo moja. Alisema mama amekwisha kula mahari. Ameila yote, imekwenda kwa wenye madeni, na sasa kila anapovuta kamba anamfunga binti asije akamrudisha kwenye deni. Hakuna mahari katika Titanic. Kuna almasi ya buluu. Lakini sebule ya shangazi ilinyamaza. Hata watoto walinyamaza. Mama zetu waliiona kamba ile na wakajua imefungwa wapi, kwa sababu kila mmoja anajua nyumba ambayo binti alitaka kurudi kwao akaulizwa ng'ombe watarudishwa na nani. Neno hilo moja halimo katika filamu, na bado linaonyesha kilichomo ndani yake kuliko neno lolote ambalo ningeweza kuliandika mimi kwa uaminifu.

Sasa niambieni, huyu aliyelijua neno la kamba alishindwaje na meza?

Nimejaribu kumtetea. Kazi yake inategemea kutonyamaza. Msimulizi alizaliwa katika vibanda vya video, ambako mtu analipa pesa kidogo, anakaa kwenye benchi na anaweza kuinuka wakati wowote. Jenereta inanguruma, nje pikipiki zinapita. Sauti ikikatika sekunde kumi, watu wanadhani mashine imeharibika. Katika hali hiyo ukimya wa Rose ni shimo barabarani, na dereva yeyote analikwepa. Kwa hiyo alitupa humo kilichokuwa karibu na mkono, na kilichokuwa karibu ni mzaha ambao kila mwanamume kwenye benchi ameshausikia. Naelewa. Uvivu wa mtunzi unaeleweka sikuzote. Waandishi wa riwaya nao wana tarehe za mwisho.

Japani, enzi za filamu zisizo na sauti, walikuwapo wasimulizi walioitwa benshi, waliosimama kando ya pazia wakiwasemea waigizaji wote. Watazamaji walichagua sinema kwa kufuata jina la benshi, na walijua nani ni hodari wa mapigano na nani wa machozi, wakabishana juu yao. Filamu zenye sauti zilipoenea katika miaka ya 1930 kazi yao ilikufa, lakini kwa muda ule walikuwa wasanii wenye majina ya kulaumiwa. Jirani yetu zaidi, Kampala, mtaa wa Wakaliga, Nabwana I.G.G. alitengeneza Who Killed Captain Alex? mwaka 2010. Wengi wetu tumeiona kwenye YouTube tukitafuta kitu kingine. Nakala iliyoenea duniani ina sauti ya VJ Emmie juu yake tangu mwanzo hadi mwisho: anashangilia, anamtania mwigizaji, anamsifu mwongozaji, anatutangazia kwamba mapigano yanakuja. Nakala isiyo na sauti yake haipo tena, maana Nabwana alilazimika kufuta kompyuta yake apate nafasi ya kazi nyingine. Kwa hiyo leo huwezi kumwondoa Emmie ukabaki na filamu. Naye anajulikana kwa jina, na mtu akiona mzaha wake fulani ni mbaya anajua amwambie nani.

Msimulizi wangu wa Titanic simjui. Si Lufufu, sauti yake naifahamu. Mwanzo wa nakala yetu umekatwa, na mwanzoni ndiko wasimulizi wanakojitaja. Klé imepita mikono mingi na kila mkono umepunguza kitu ili filamu itoshe.

Wapo wenzangu wanaosema mjadala huu umechelewa, kwamba mashine itaumaliza. Mwishoni mwa mwaka 2024 YouTube ilitangaza kwamba video zitaanza kuwekewa sauti za lugha nyingine zenyewe, Kifaransa, Kihindi na Kihispania zikiwemo. Kiswahili hakikuwa katika orodha hiyo ya kwanza, lakini kitafika, na pengine Kirundi pia. Nilijaribu mazungumzo ya mama na kamba katika programu moja ya tafsiri kwenye simu. Iliyaleta yote. Haikumcheka Rose, na hilo si jambo dogo, nakiri nilipumua. Haikuleta mahari pia. Ilisema madeni, jina zuri, mnada, kwa Kiswahili safi kabisa, na ningeweza kuisoma mbele ya shangazi na shangazi angeendelea kuchagua mchele. Anayeichagua mashine kwa sababu haitukani ajue pia kwamba haijawahi kukaa katika nyumba iliyokula mahari. Mimi bado namtaka mtu. Ninachomwomba huyo mtu ni kwamba anapoongeza, kilichoongezwa kiifunue picha badala ya kuiziba. Mahari iliifunua kamba. Vikombe vilimziba Rose, tukaangalia sahani wakati mwanamke yuko sakafuni.

Na tusijidanganye kwamba ni mzaha tu. Watoto wa sebule ile, mimi nikiwemo, tulijifunza pale Cal ni nani. Tulijifunza kwamba ni tajiri mwenye hasira kidogo ambaye vyombo vyake vimevunjika. Nilipoitazama filamu chuoni, kwa Kifaransa, kwenye simu ya mwenzangu wa chumba, na kufika pale mezani, nilidhani sauti imekatika. Niligusa skrini. Sauti haikukatika. Ni Rose aliyekuwa akijaribu kupumua.

Likizo iliyopita nilirudi na nakala hiyo ya Kifaransa na nikaamua kumsimulia bibi mwenyewe. Ni kazi ngumu kuliko nilivyodhani. Filamu ina zaidi ya saa tatu. Baada ya nusu saa koo lilikuwa limekauka na nilikwisha kuwachanganya mabaharia wawili. Bibi alinisahihisha mara mbili, maana anaikumbuka ile nakala ya zamani kwa moyo. Tulipofika mezani, meza ikapinduka, Cal akasema yake nami nikayasema, kisha nikanyamaza.

“Mbona umenyamaza, mjukuu wangu?”

“Hakuna anayesema, bibi.”

Akatazama. Trudy akaingia, Rose akapiga magoti. Bibi akavuta kanga yake mabegani na hakuuliza bei ya sahani. Baadaye ikaja kamba. Nilikuwa nimejiandaa kusema madeni na mnada, nimeyaandika hata kwenye karatasi. Lakini mama alipoanza kuvuta niliona uso wa bibi hauna kitu, unasubiri, nikaiacha karatasi. Nikasema mama amekwisha kula mahari. Nililiiba neno hilo kwa mtu ambaye nimemlaumu kurasa hizi zote.

Bibi akaguna. Akauliza walikuwa ng'ombe wangapi.

Nikamwambia filamu haisemi.