Mlezi Mwanamume katika Riwaya ya Silas Marner

Wahenga walisema: kuzaa si kazi, kazi ni kulea. Methali hii haikutaja kama mlezi awe mwanamke au mwanamume. Hata neno lenyewe, mlezi, halibagui. Sisi wasemaji ndio tulioitwika kazi hiyo akina mama peke yao. Ndiyo maana yafaa walimu wenzangu tuisome upya riwaya ya Silas Marner, iliyotolewa mwaka 1861 na Mwingereza Mary Ann Evans, mwanamke aliyeandika kwa jina la kiume la George Eliot.

Silas ni mfumaji wa nguo za kitani. Alisingiziwa wizi na rafiki yake, akahamia kijiji cha Raveloe, na huko akakaa miaka 15 akihesabu dhahabu zake peke yake, hata zikaibiwa. Usiku wa kuamkia mwaka mpya, mtoto mdogo wa kike alijikongoja kutoka kwenye theluji, alikofia mama yake, akaingia kibandani na kulala mbele ya meko. Silas alipoambiwa amwache kwa wanawake, alikataa.

Thamani ya riwaya hii imo katika mambo madogo. Jirani yake, Dolly Winthrop, anakuja kumwogesha na kumvika mtoto. Silas anashukuru, lakini anataka kufundishwa ili afanye mwenyewe, akichelea mtoto asije akampenda mwingine badala yake. Hapo mwandishi amegusa kiini cha ulezi: haki ya mlezi hupatikana kwa kazi ya kila siku.

Siku moja Eppie anakata kwa mkasi kitambaa alichofungiwa kwenye mtambo wa kufumia, anatoroka. Silas anamkuta kando ya kidimbwi akichota maji kwa kiatu chake. Kwa ushauri wa Dolly, anamtia katika kijichumba cha makaa; mtoto anaona ni mchezo, anarudi humo kwa hiari yake! Tangu hapo Silas anaacha kumwadhibu.

Nilipowasimulia wanafunzi wangu hapa Uganda sehemu hii, wavulana walicheka: mwanamume na nguo za mtoto! Mmoja hakucheka. Baadaye aliniambia kwamba amelelewa na babu yake mjane. Vita na UKIMWI viliwaacha watoto wengi wa nchi hii mikononi mwa jamaa, na miongoni mwa walezi hao wamo babu, wajomba na kaka. Je, tumewapa nafasi gani katika masomo yetu?

Kilele cha riwaya ni pale Godfrey Cass, tajiri na baba mzazi aliyenyamaza usiku ule wa theluji, anapokuja kumdai binti. Sheria ya kwanza ya kuasili watoto katika England na Wales ilipitishwa mwaka 1926. Silas, basi, hana hati ya kumtetea. Anamwachia Eppie aamue, naye Eppie anamchagua aliyemlea.

Hata hivyo, riwaya ina dosari kubwa. Mwandishi anaruka miaka 16. Tunamwacha Eppie akiwa mtoto mdogo, tunamkuta mwari wa kuolewa. Silas alifanyaje binti alipovunja ungo? Nani alimfunda? Pale hasa ambapo mlezi mwanamume hushikwa na haya na kuhitaji msaada wa jamii, mwandishi amefunga mlango.

Kwa hiyo niliwapa wanafunzi kazi ya kuandika sura iliyokosekana. Mvulana yule aliandika kwamba Silas alikwenda hadi mlangoni kwa Dolly, akasimama, maneno yakamshinda. Dolly akajitanda shuka, akamfuata bila kuuliza. Nadhani sura hiyo hakuitunga kwa kubahatisha. Walimu wenzangu, tufundishapo riwaya hii, tuwaulize wanafunzi habari za miaka ile 16. Huenda darasani yumo anayeijua.