Mkufunzi wa Butiama na usiku wa Lukaya

Jenerali David Musuguri alipofariki Mwanza tarehe 29 Oktoba 2024, akiwa na miaka 104, tanzia zilijaa vyeo: Mkuu wa Majeshi kuanzia 1980 hadi 1988, kamanda wa Divisheni ya 20 katika vita vya Kagera, "Jenerali Mutukula". Yote ni kweli, na yote yanairuka kazi aliyoifanya kabla hajawa mkubwa, yaani kufundisha askari. Anayetaka kumwelewa mzee huyu asianzie kwenye nyota za begani. Aanzie kwenye uwanja wa gwaride wa Kahawa, Kenya, mwishoni mwa miaka ya 1940.

Alizaliwa Butiama Januari 1920, miaka miwili kabla ya Kambarage, mwana wa Chifu Nyerere Burito. Mwaka 1942 Musuguri alijiunga na KAR, jeshi la mkoloni, akapelekwa Madagascar. Desemba 1943 Kambarage alibatizwa katika misheni ya Nyegina, nje kidogo ya Musoma, akachukua jina la Julius. Huyu akaja kuitwa Mwalimu nchi nzima. Yule naye alikuwa mwalimu, ila wanafunzi wake walivaa buti.

Mwaka 1947 alipata usajini na kuwa mkufunzi Kahawa. Hapo panahitaji maelezo. Katika KAR ya wakati ule Mwafrika hakupewa kamisheni. Amri ilitoka kwa afisa Mwingereza. Lakini amri ni maneno tu. Aliyezigeuza kuwa mwendo, shabaha na nidhamu ni sajini, tena kwa Kiswahili, maana hicho ndicho kilichokuwa lugha ya jeshi lile. Sajini ndiye aliyejua nani hutetemeka bunduki inapolia, na nani akisimama wenzake husimama. Miongoni mwa waliopita mikononi mwake alikuwemo kijana mrefu kutoka Uganda aliyeitwa Idi Amin. Kisa hicho hupendwa sana vijiweni, na mimi nakiona kidogo kuliko kinavyosimuliwa. Mkufunzi hufundisha mamia. Mmoja kuja kuwa dikteta hakutuambii lolote kuhusu somo.

Somo lenyewe lilionekana miaka thelathini baadaye. Amin alivamia Kagera mwishoni mwa Oktoba 1978, na jeshi la Tanzania, lililokuwa na askari wasiofika 40,000, likapanuliwa hadi zaidi ya 150,000. Takriban 40,000 kati yao walikuwa mgambo, na wengine walitoka polisi, magereza na JKT. Kwa lugha ya ufundi, hilo lilikuwa tatizo la ukufunzi kabla ya kuwa tatizo la silaha. Ukikuza jeshi mara nne kwa miezi michache, unapata watu wengi wenye bunduki ambao hawajawahi kukimbia pamoja, achilia mbali kusimama pamoja.

Vita vilipohamia ndani ya Uganda, Lukaya ndipo walipojaribiwa. Mji wa Masaka ulikuwa umetwaliwa na Watanzania Februari 24, 1979. Mbele yake barabara ya Kampala inapita katikati ya kinamasi, na mahali kama hapo kikosi hakina pa kutawanyikia. Jioni ya Machi 10, Brigedi ya 201 ilikutana huko na Walibya waliokuja kumsaidia Amin kuirudisha Masaka. Walibya walikuwa na vifaru na makombora ya Katyusha. Makombora mengi hayakumpata mtu, lakini kishindo chake kilitosha: askari wa 201 walivunja safu na kukimbia. Waliokufa walikuwa wachache. Kilichokufa ni mpangilio.

Kamanda katika hali hiyo ana njia ya haraka na ya hatari: kuwakusanya waliokimbia na kuwarudisha gizani kwa barabara ile ile. Musuguri aliagiza jambo jingine. Brigedi ya 208 ya Brigedia Mwita Marwa, iliyokuwa mbali upande wa kaskazini magharibi, igeuke, itembee usiku na kuikata barabara ya Kampala nyuma ya adui. Brigedi ya 201 chini ya Imran Kombe ijipange upya na kupiga kutoka mbele. Alfajiri ya Machi 11 Walibya walijikuta katikati, wakashindwa vibaya. Mwezi mmoja baadaye, Aprili 11, Kampala ilianguka.

Mpango huo ungeweza kuchorwa na mtu yeyote mwenye ramani. Ugumu ulikuwa kupata brigedi nzima itakayogeuka usiku bila kupotea, na nyingine itakayojipanga saa chache baada ya kukimbia. Huo ndio ufundi wa sajini, umepandishwa hadi ngazi ya divisheni. Haki pia isemwe: Walibya walisaidia. Baada ya kuwatia Watanzania hofu hawakusonga mbele, wakalala na ushindi nusu, na wengi wao walikuwa wanamgambo wasio na uzoefu. Kocha mzuri hufaidika na makosa ya timu pinzani, na Lukaya ilikuwa na makosa mengi.

Pana upande mwingine usiopaswa kufichwa na sifa. Mji wa Mutukula, uliompa lile jina la utani, ulibomolewa ulipotekwa Januari 1979, na raia waliuawa. Rais Nyerere alikasirika na kuamuru raia wasiguswe. Masaka nako majengo yalilipuliwa kulipiza kisasi cha Kagera. Jeshi lililojifunza kusimama chini ya makombora lilikuwa bado linajifunza kujizuia, na mafunzo ya aina hiyo hayapatikani kwenye uwanja wa kwata peke yake.

Musuguri alistaafu 1988, akarudi Butiama. Ukitoka Bunda kwenda Musoma unapita Kiabakari, penye kituo cha hija cha Huruma ya Mungu. Kambi ya JKT Rwamkoma iko wilaya hiyo hiyo ya Butiama, na kijijini kwenyewe kuna nyumba ambayo JWTZ ilimjengea Mwalimu. Imani, jeshi na ukoo vinakaa jirani, lakini havikumbuki kwa namna moja. Jimbo Katoliki la Musoma lilipofungua kesi ya utakatifu ya Nyerere mwaka 2005 lilifuata utaratibu wa Kanisa: mashahidi waliomfahamu huhojiwa mmoja mmoja chini ya kiapo, maandishi yote hukusanywa, na mwenye neno la kupinga husikilizwa pia. Jeshi hutunza cheo na nishani. Ukoo hutunza majina ya watoto na wajukuu.

Kwa mkufunzi, njia ya Kanisa ndiyo inayofaa zaidi, kwa kuwa kazi yake imo ndani ya watu wengine. Mgambo wa miaka 20 mwaka 1979 leo amevuka 65. Wapo Bunda, wapo Musoma, wanalima na kuvua samaki. Kabla ya kuwauliza walimwonaje Jenerali, ningewauliza: usiku ule wa Machi 10, mlipokuwa mnakimbia, ni sauti ya nani iliyowasimamisha, na nani alimfundisha mwenye sauti hiyo?