Tarakimu ya Tatu

Marki 100 za Ujerumani zilikuwa euro ngapi? Kuanzia tarehe 1 Januari 1999, euro 1 ilihesabiwa kuwa marki 1.95583, na kiwango hicho hakikubadilika tena. Basi gawanya 100 kwa 1.95583, kwa kalamu na karatasi, uonje utamu wa ufundi huu.

Kwanza iondoe nukta kwenye namba inayogawa. Isogeze kulia nafasi tano, na ile inayogawanywa uifanyie vivyo hivyo; zikikuzwa zote kwa kiasi kimoja, jibu halibadiliki. Sasa ni 10,000,000 kugawanya kwa 195,583. Inaingia mara 51, inabaki 25,267. Weka nukta kwenye jibu, shusha sifuri: mara 1, inabaki 57,087. Shusha nyingine: mara 2, inabaki 179,704. Umefika 51.12, na nafasi za senti zimejaa. Mwenye haraka huweka kalamu chini hapo. Fundi hushusha sifuri moja zaidi, anapata 9, na 9 hiyo, ambayo haitaandikwa kwenye stakabadhi yoyote, ndiyo inayoamua: euro 51.13.

Kanuni ya Umoja wa Ulaya ya mwaka 1997 iliyoongoza ubadilishaji wa sarafu kuwa euro ina akili ya fundi huyo. Ilikataza kukadiria au kukata tarakimu za kiwango chenyewe. Ilikataza pia kukigeuza kiwango ili watu wazidishe badala ya kugawanya. Sababu inaonekana ukijaribu: 1 gawanya kwa 1.95583 ni kama 0.511. Zidisha kwa marki 100,000, unapata euro 51,100. Ukigawanya inavyotakiwa, ni euro 51,129.19. Euro 29 na ushei zimepotea, wala hakuna aliyeiba. Na jibu likiangukia katikati kabisa ya senti mbili, kanuni iliagiza lipandishwe.

Uzuri wa kazi hii uko kwenye utaratibu: kukadiria huja mwisho, tena mara moja. Kadiria 2.449 kwa nafasi moja ya desimali, ni 2.4. Ipitishe kwanza kwenye 2.45, itakupa 2.5. Kila kadirio lina kosa lake dogo, na makosa yakirundikana huzaa jibu la uongo. Kwa hiyo mwanafunzi anayebeba tarakimu zake zote hadi mstari wa mwisho, akaitazama inayofuata, ndipo akakadiria, amejifunza uaminifu pamoja na hesabu.