Kichwa Chini, Miguu Juu

Jumatatu jioni, karibu kila jimu ya mtaani, watu hupanga foleni kwenye benchi bapa. Ni siku ya kifua, na hakuna anayekumbuka nani aliipanga. Pembeni, benchi la deklaini, lile lenye mwinamo wa kulalia kichwa kikiwa chini na miguu juu, limekaa bila mtu, limegeuzwa mahali pa kuwekea mataulo na simu. Nataka kulisifu hilo la pembeni. Sijaona kifaa kingine cha mazoezi kinachodai ufundi mwingi namna hiyo kabla chuma hakijatoka kwenye stendi.

Ufundi huo huanzia kwa mchomeleaji. Mabenchi mengi ya jimu zetu hayakutoka ng'ambo. Yametoka kwa mafundi kama wale wa Gerezani, Dar es Salaam, kwa mabomba ya mraba, plaiwudi, sponji na ngozi bandia. Benchi bapa husamehe makosa. La mwinamo halisamehi, kwa sababu uzito wote unavutwa kuelekea kichwani, na zile roli za kushikia miguu zinavutwa kila chuma kinaposhuka na kupanda. Kwa hiyo mguu wa upande wa kichwani lazima upanuliwe, na kiungo cha roli kichomelewe pande zote nne za bomba. Fundi mzuri akimaliza hapo hupitisha grenda juu juu tu, aondoe makali asiile weldi yenyewe. Mwenye haraka hubandika nukta mbili tatu, mianya akaijaza rangi nyeusi. Nikiona rangi imekuwa nene mno kwenye kiungo, silali.

Mwinamo nao haukisiwi. Wengi hufanya kazi kati ya nyuzi 15 na 30. Ubao ukiwa na urefu wa sentimita 120, ncha ya miguuni ikipanda sentimita 31 juu ya ile ya kichwani umepata nyuzi 15. Ikifika 60 umepata 30, na hapo damu inakujaa usoni hujaanza hata kazi. Mimi hubaki karibu na 15. Kama benchi lako ni la pini, hakikisha pini imepenya matundu ya pande zote mbili. Kama ni lile bapa lililoinuliwa kwa tofali upande mmoja, ondoka, tofali huteleza.

Faida yake iko kwenye mwelekeo wa nyuzi za msuli. Msuli mkubwa wa kifua una sehemu inayotoka mtulingani na sehemu pana inayotoka kidarini. Ukiinamisha kiwiliwili, kazi kubwa inaiangukia hiyo ya kidarini, na bega linapumua. Chuma kinagusa chini ya chuchu, safari yake inakuwa fupi, na ndiyo maana watu hubeba zaidi hapa kuliko kwenye benchi bapa. Ukisikia mtu anajisifia kilo zake, muulize kwanza ni benchi lipi. Dorian Yates, Mwingereza aliyetwaa Mr. Olympia mara 6 mfululizo, kuanzia 1992 hadi 1997, alilipendelea kuliko benchi bapa. Wapo wanaosema dipsi, kule kujishusha na kujiinua kwa mikono kati ya mabomba mawili, zinatosha. Sibishani nao, ingawa dipsi hazijawahi kulitendea wema bega langu.

Kulala kwenyewe kuna utaratibu. Unaketi juu, unapitisha miguu chini ya roli, unaivuta kwa nguvu kuijaribu, ndipo unashuka taratibu mkono mmoja ukishika ukingo. Unabana mabega nyuma. Tangu hapo umeikabidhi miguu roho yako, kama mkwezi wa mnazi ambaye mikono yake ina kazi nyingine. Kidole gumba kizunguke chuma, bila mjadala. Kwenye benchi bapa, ukiishiwa nguvu unaweza kukiviringisha chuma hadi mapajani ukaketi. Hapa mapaja yako juu ya mlima. Chuma kikishinda, njia yake ni shingoni.

Kwa hiyo deklaini ni kazi ya watu wawili. Msaidizi anasimama kichwani, nyayo zimekamata sakafu.

"Kaka, miguu imeingia?"

"Imeingia."

"Nikupe?"

"Nipe."

Anakitoa kwenye stendi, anakifikisha juu ya mabega ya mwenzake, na hakiachii mpaka asikie kimetulia. Kisha mikono yake inakifuata chini na juu bila kukigusa. Msaidizi anayekivuta chuma kabla hajaombwa anaharibu seti ya mwenzake. Anayetazama simu afukuzwe. Kwenye jimu za vyuma vya saruji ana kazi moja zaidi: makopo mawili ya rangi yaliyomiminiwa saruji siku moja hayawi na uzito sawa, na upande mzito utaanza kuzama kwenye rudio la nne au la tano. Ni heri kuyapeleka kwenye mizani ya dukani mapema, na lile jepesi likaongezewa waya.

Wenye presha ya damu, presha ya macho au ujauzito waliache benchi hili. Wengine wote, chuma kikisharudi stendini, wasiruke kusimama. Shika roli, jivute, keti kwanza damu ishuke, ndipo utoe miguu. Halafu futa jasho lako kwenye ile ngozi bandia, maana kuna anayesubiri kufanyia tumbo.