Herekali Si Mhusika Bapa: Kuisoma Rumu Katika Utendi wa Tambuka

Katika semina moja ya ushairi nilisimama mbele ya wenzangu nikatamka, tena kwa kujiamini kabisa, kwamba Herekali katika Utendi wa Tambuka ni mhusika bapa: kafiri, mwenye kiburi, basi. Mhadhiri aliniuliza swali moja tu: "Huyo Herekali ni nani?" Nikakwama. Darasa zima likakwama. Tulikuwa tumehesabu mizani na kuainisha vina, lakini mtu mwenyewe anayepigwa vita hatukumjua! Makala haya ni jibu langu lililochelewa.

Herekali ni Heraclius, mfalme wa Rumu aliyetawala Constantinople toka 610 hadi 641. Vitabu vingi vinaiita dola yake Bizanti, jina lililoenezwa na wasomi wa Ulaya dola yenyewe ikiwa imekwisha kufa. Wao wenyewe walijiita Warumi. Kwa hiyo Kiswahili, kilicholirithi jina la Rumu kutoka Kiarabu, kiko karibu zaidi na walivyojijua watu wale.

Heraclius aliirithi dola iliyokuwa hoi. Waajemi waliteka Jerusalem mwaka 614, kisha wakaichukua Misri. Mwaka 626 Constantinople ilizingirwa. Mfalme huyu alikwenda vitani yeye mwenyewe, akawashinda Waajemi karibu na Ninawi mwaka 627, na mwaka 630 akaurudisha Jerusalem msalaba ambao Wakristo waliuamini kuwa ndio wa Yesu. Sasa tazama tarehe, msomaji: 630 ndio mwaka wa msafara wa Waislamu kwenda Tabuk, yaani Tambuka ya utendi wetu. Adui huyu basi hakuwa kibonde. Alikuwa mtu aliye kileleni.

Utasikia watu wakisema Bwana Mwengo wa Athumani katia chumvi. Ni kweli, huko Mu'ta mwaka 629 vita vilipiganwa, na Jaafar akafa. Lakini Tabuk jeshi la Rumu halikutokea, na vita havikupiganwa. Utendi unatupa mapigano makubwa. Je, huu ni uongo? Mimi nasema hapana. Pigo ambalo halikutokea Tabuk lilitokea Yarmuk mwaka 636, na Heraclius akaipoteza Shamu yote. Alipokufa, Misri nayo ilikuwa inaponyoka. Mtu mmoja, katika maisha yake, aliiokoa dola na kuiona ikimegeka. Utendi umeyakusanya yote haya mahali pamoja, kama utanzu huu unavyoruhusu.

Hata hivyo, tusiusifu tu. Katika utendi, imani ndiyo inayoamua kila kitu. Sababu nyingine za kijamii na kiuchumi hazionekani. Rumu ilikuwa imepigana na Uajemi toka 602 hadi 628. Hazina ilikauka na askari walichoka. Isitoshe, Wakristo wengi wa Shamu na Misri walikuwa na ugomvi wa muda mrefu na kanisa la Constantinople. Mti ulikwisha kuliwa na mchwa kabla shoka halijafika.

Tena mti wenyewe haukuanguka siku hiyo. Rumu iliishi miaka mingine 800 na zaidi. Ilishindwa na Waturuki Manzikert mwaka 1071. Mwaka 1204 waliouteka na kuupora mji wake walikuwa Wakristo wenzao wa vita vya msalaba. Waliurudisha mwaka 1261, lakini wakaanza kupigana wao kwa wao. Mehmed II alipouvunja ukuta tarehe 29 Mei 1453, alikuwa akiua kitu kilichobaki jina na mji tu. Kikulacho ki nguoni mwako, wahenga hawakukosea.

Na hapa ndipo Pate inapoingia. Bwana Mwengo alitunga utendi huu Pate mwaka 1728, miaka 275 baada ya Rumu kufa. Kwa nini amfufue Herekali? Mwaka huohuo Wareno, waliotimuliwa Mombasa mwaka 1698, walirudi Ngome ya Yesu, tena kwa mapatano na mtawala wa Pate mwenyewe! Wakaondolewa tena mwaka 1729. Sidai kwamba mshairi alikuwa anamsema bwana wake. Ninachodai ni kwamba hadhira ya Pate haikuwa ikisikia hadithi ya mbali. Swali la nani adui na nani rafiki lilikuwa mlangoni mwao, na adui anayestahili kuimbwa ilibidi awe mkubwa.

Kwa hiyo nafuta kauli yangu ya semina. Herekali si bapa. Sisi ndio tuliomsoma kibapa, kwa kudhani kwamba uhakiki wa fani unatosha bila historia. Anayeona vingine na achukue kalamu, kurasa hizi ni zetu sote.