Dwight Frye na Uhusika wa Pembeni

Sisi wanafunzi wa fasihi tuna ugonjwa wetu: tukishaambiwa fulani ni mhusika msaidizi, basi, tunampa aya moja mwishoni mwa insha na kufunga daftari. Ndivyo wahakiki wengi walivyomfanyia Dwight Frye, mwigizaji Mmarekani (1899–1943). Eti ni yule kichaa wa filamu za kutisha. Mimi nakataa.

Tuchukue Dracula ya 1931. Katika riwaya ya Bram Stoker (1897) anayesafiri kwenda Transylvania ni Harker. Filamu ikampa Renfield safari hiyo. Ni badiliko dogo la msuko, lakini tazama Frye alivyolitumia. Anaingia ngomeni akiwa wakala nadhifu, mwenye haya kidogo. Anatua Uingereza akiwa mla nzi. Kile kicheko chake kule chini kwenye ngama ya meli hakina hata chembe ya furaha. Bela Lugosi, pamoja na sifa zake zote, ni bapa mwanzo hadi mwisho: macho na joho. Mhusika duara humo ni Renfield, anayejua kwamba anapotea, hata akamwomba daktari amhamishe asije akamtia Mina ndoto mbaya kwa kelele zake za usiku. Mla nzi anayeona haya! Hiyo ndiyo hofu yenyewe.

Mwaka huohuo akacheza Fritz katika Frankenstein. Fritz hayumo kabisa katika riwaya ya Mary Shelley. (Wala haitwi Igor, jamani, Ygor ni wa filamu ya 1939, na aliyemcheza ni Lugosi.) Kuna mahali kwenye ngazi Fritz, na kibiongo chake na kimkongojo kifupi, anasimama, anavuta soksi yake juu, halafu anaendelea. Hadithi haiihitaji soksi ile hata kidogo. Lakini kumbe kiumbe huyu naye anajali anavyoonekana! Baadaye anapomtesa jitu kwa mwenge, ukatili wake unatuuma zaidi, maana tumeshamwona kuwa ni mtu.

Na alikuwa na uwezo mpana. Mwaka 1922 alikuwa jukwaani New York katika tamthilia ya Pirandello. Mwaka 1931 akacheza kijana jambazi katika The Maltese Falcon. Studio hazikutaka kujua. Katika The Vampire Bat (1933) akapewa tena punguani, naye akamfanya mpole kiasi kwamba wanakijiji wanaomwinda ndio wanaotisha. Baada ya hapo nafasi zikazidi kusinyaa. Katika Frankenstein Meets the Wolf Man (1943) ni mwanakijiji tu.

Wakati wa vita alifanya kazi ya usiku katika kiwanda cha ndege, akisanifu zana. Novemba 7, 1943, moyo ulimsimama akiwa na umri wa miaka 44. Alikuwa ameshachaguliwa kucheza katika filamu ya Wilson, iliyotoka 1944, kama Newton Baker: waziri wa vita, mwenye suti yake, bila nzi wala kibiongo.