Anayeanza na pawasaplai

Kijana akiingia kwa fundi na laki sita zake na hamu ya kucheza GTA V, neno la kwanza kumtoka ni jina la kadi ya grafiki. Fundi anayeijua kazi humsikiliza mpaka mwisho, kisha hulilaza kasha ubavu, hulipangusa vumbi na kusoma lebo ya pawasaplai. Kwangu mimi, hapo ndipo ufundi wa kuchagua vifaa vya kompyuta ya gemu kwa bei nafuu unapoonekana, na sichoki kuutazama.

Newala inaudai ufundi huo kuliko Dar es Salaam. Aliyeko Kariakoo akikosea kadi, anavuka barabara na kubadilisha. Aliyeko huku juu Makondeni anaagiza kwa simu na kwa picha za WhatsApp, mzigo unapakiwa kwenye basi, unasafiri zaidi ya kilomita 500, na kifaa kisipoingia nauli inalipwa tena kukirudisha. Tena fedha yenyewe kwa familia nyingi hupatikana kwa msimu, minada ya korosho ikishaanza na malipo yakaingia. Kwa hiyo kila kitu kinapimwa hapahapa kabla simu haijapigwa.

Msingi wa kazi ni mashine ya ofisini ya mtumba. Dell OptiPlex 7010 ni mfano mzuri: zilinunuliwa kwa wingi na ofisi za ng'ambo kuanzia mwaka 2012, zikatumika miaka michache, zikauzwa. Ndani yake mara nyingi utakuta prosesa ya Intel Core i5-3470. GTA V ilipotoka kwa kompyuta mwaka 2015, watengenezaji wake waliitaja prosesa hiyohiyo miongoni mwa vifaa walivyopendekeza, pamoja na RAM ya giga 8. Mashine iliyokuwa ikichapa barua na kupiga hesabu za mishahara ilikuwa na nguvu hiyo siku zote. Ilichokosa ni kadi ya grafiki.

Sasa rudi kwenye lebo. Fundi anatafuta safu ya volti 12, kwa kuwa prosesa na kadi vinategemea umeme wa safu hiyo. Lebo ikionyesha ampea 18, anazidisha kwa 12: wati 216. Prosesa inaruhusiwa wati 77. Tundu la kadi kwenye mazabodi hutoa wati 75 tu, na pawasaplai ya 7010 ya kasha kubwa, yenye wati 275 kwa jumla, haina waya wa ziada wa kulisha kadi. Hesabu hiyo fupi tayari imeshachagua. RX 580 yenye kula wati 185 haiingii, hata ikipatikana kwa bei ya kutupa. Zinazobaki ni GTX 750 Ti ya mwaka 2014, inayokula wati 60, na GTX 1050 Ti ya mwaka 2016, inayokula 75. GTX 1650 nayo inafaa, mradi iwe ile isiyotaka waya wa ziada. Ninachokipenda kwa fundi wa namna hii ni kwamba anakataa kitu chenye nguvu zaidi bila kusononeka. Mashine ikizimika katikati ya mechi, nguvu ya kadi haina faida.

Baada ya umeme, rula. OptiPlex za umbo jembamba hazipokei kadi ya kimo cha kawaida. Zinataka kadi fupi yenye bati fupi la kufungia. Anapima, anaandika, anapima urefu pia mpaka kwenye kizimba cha diski.

Kuna mitego ambayo rula haiioni. GT 1030 iliyotoka mwaka 2017 ina memori ya GDDR5, na husafirisha data giga 48 kwa sekunde. Mwaka uliofuata ikatoka nyingine kwa jina lilelile, yenye memori ya DDR4, isiyofika hata giga 17. Asiyeuliza aina ya memori hununua jina. Zipo pia kadi kuukuu zilizobadilishwa programu ya ndani ili zijitambulishe kama 1050 Ti. Ndiyo maana fundi humwomba muuzaji picha ya programu ya GPU-Z ikiwa imefunguliwa, kwa kuwa tangu mwaka 2018 inaweza kuzitambua nyingi za bandia. Watu wa Newala hawahitaji kufundishwa busara hiyo: korosho ghafi huchukuliwa sampuli, ikakatwa, punje zikapimwa, ndipo daraja litajwe.

Jambo moja husahaulika hata na mafundi wazuri, nalo ni kioo. Vioo vingi vya mtumba vina tundu la VGA pekee, na 1050 Ti haitoi VGA kabisa. Inahitaji adapta yenye saketi yake ya kugeuza mawimbi. Aina nyingi za 750 Ti bado zinatoa. Kwa kioo cha zamani cha nukta 1440 kwa 900, mimi ningechukua 750 Ti bila kusita, na fedha inayobaki iende kwenye SSD.

Mengine ni mafupi. Vijiti viwili vya RAM vya giga 4 kuliko kimoja cha 8, ili prosesa ivisome vyote kwa pamoja. Gundi ya joto iliyokauka ifutwe kwa spiriti, iwekwe mpya, tone dogo katikati. Vumbi lipulizwe mara kwa mara. Stabilaiza iwepo, maana umeme ukiyumba haubagui kifaa kipya na cha zamani.

Mteja aambiwe pia ukweli huu: Windows 10 iliacha kupewa masasisho ya kawaida tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 haizitambui rasmi prosesa hizi za mwaka 2012. Gemu zake nyingi zitaendelea kucheza, lakini miamala ya benki afanyie kwingine, au aweke Linux.

Nawe uliye Newala, Masasi au Tandahimba na una mashine kama hiyo, chomoa waya wa umeme, fungua mfuniko, nakili namba za lebo ya pawasaplai, pima kimo cha kasha, tazama tundu la kioo chako. Ukishakuwa na karatasi hiyo mkononi, piga simu Kariakoo.